Agnetha Aenda Bukoba Kuudai Mtumbwi

Agnetha alipokwenda nyuma ya nyumba kuuosha mtumbwi wake wa kukamulia pombe, alimkuta kuku ametamia mahali ulipokuwa. Mtumbwi wenyewe haupo.

Hakupiga kelele. Si mtu wa kupiga kelele kabla hajajua anampigia nani. Alimwita kitinda mimba wake, Gamaliel, ambaye ndiye bwana harusi wa harusi iliyokuwa ikiandaliwa.

"Mtumbwi uko wapi?"

"Si uko kwa mzee Kamala? Aliuazima wewe ulipokuwa Mwanza kwa dada Jovitha."

Kamala, jirani wa ng'ambo ya njia, alishangaa mpaka akavua kofia. "Mama Jovitha, mimi niliurudisha siku nyingi. Nilipoona haupo tena nikajua umekwenda kwa Lameki."

Lameki naye, alipofuatwa kwenye kahawa zake, akasimama na tawi mkononi. "Kwangu? Mimi niliuona juu ya pikapu, na ndugu yako Alexander amekaa mbele kama bwana shamba. Nikajua mmekubaliana."

Ndivyo mambo yalivyo Kishanda. Mtumbwi wa pombe una mwenyewe lakini haukai kwake. Leo kuna ubatizo kwa fulani, kesho kuna matanga kwa fulani, wanaume wanne wanaubeba begani na kuondoka nao, na mwenyewe akiuhitaji anakwenda kuuchukua huko uliko. Basi kila mtu alijua uko kwa mwenzake, na wote walilala usingizi mzuri, na mtumbwi ukasafiri mpaka Bukoba mchana kweupe.

Taabu ilikuwa kwamba ndizi zilishafukiwa. Embile, zile ndizi za pombe ambazo ukizipika hutazila, Gamaliel na wenzake walikuwa wamezikata, wakachimba shimo, wakalipasha moto, wakatandika majani ya mgomba na kuzifunika ziive. Ndizi ikishaingia shimoni haisubiri mtu. Keshokutwa zilitakiwa kufukuliwa, kumenywa na kukanyagwa pamoja na nyasi mpaka maji yake yatoke, yatiwe mtama na kulala yawe rubisi. Na rubisi hiyo ilikuwa na safari yake, Kanazi, kwa mzee Rutaihwa, baba yake Evelyne, mchumba wa Gamaliel. Mhaya haendi kwa wakwe mikono mitupu akasema amekuja kuchukua binti.

"Mama, tukanyagie kwenye turubai," Gamaliel alisema. "Siku hizi watu wengi wanakanyagia kwenye turubai."

"Turubai ni la kuanikia kahawa."

"Lakini rubisi ni ile ile."

"Dada zako wameolewa kwa mtumbwi ule. Kaka yako ameoa kwa mtumbwi ule. Wewe ndiye wa mwisho, baada yako sina mwingine wa kumkamulia. Halafu nikukamulie kwenye turubai kama mtoto niliyekuokota sokoni? Nipe simu."

Alexander ni mdogo wake Agnetha, karani mstaafu wa chama cha ushirika, mkaaji wa Bukoba mjini, mtu wa koti hata jua likiwaka. Alipokea kwa sauti ya furaha.

"Dada! Nilitaka nikushangaze."

"Umeshanishangaza. Mtumbwi wangu uko wapi?"

"Mtumbwi wa Taata wetu uko makumbusho! Nyumba ya Kumbukumbu za Ziwa, hapa mjini. Kesho kuna mhadhara wa vyombo vya ziwani, watu wamealikwa, na wewe nilikuwa nikupigie jioni hii hii. Dada, pale nyuma ya nyumba mchwa walikuwa wanaumaliza."

"Mchwa angalau walikuwa wanaula nikiwaona," Agnetha alisema. "Nakuja hiyo kesho. Mwambie huyo mwenye mhadhara asiufungie."

Kamala, kwa kuona aibu, alitoa pikapu yake mwenyewe ya kubebea kahawa. Wakatandika majani ya migomba nyuma, wakaweka kamba, na alfajiri wakaondoka watatu. Agnetha alikaa mbele na kitenge chake cha kanisani, mkoba juu ya magoti. Gamaliel alikaa nyuma na kamba. Walipofika Kemondo ziwa likatokea upande wa kulia, jeupe, limetulia, na Agnetha akageuza uso kulitazama. Hakuusogeza tena mpaka lilipofichwa na vilima.

Mtumbwi ule haukuzaliwa kuwa wa pombe. Kashaija, baba yake Agnetha, alikuwa mtu wa kisiwa cha Bumbire, na aliuchonga kutoka kwenye mti mmoja mzima, kisha akauongezea ubao mmoja kila upande ili mawimbi yasiingie. Mbao hizo hakuzipigilia misumari. Alizishona. Alitoboa matundu kwa chuma cha moto, akapitisha kamba za mmea, akakaza kwa meno na magoti, kama mwanamke anavyoshona mkeka. Waliokuwa wakifanya kazi ile walikuwa wamebaki wachache hata wakati huo, maana misumari ilishaingia madukani.

Mtumbwi wa kushonwa unavuja. Wala si ubovu, ndiyo tabia yake. Kwa hiyo ndani yake palikuwa na kazi ambayo haikukoma toka pwani hadi pwani, kazi ya kukumba maji, kuyachota na kuyamwaga nje, na kazi hiyo ilikuwa ya mtoto kwa sababu mtoto hachukui nafasi. Agnetha aliifanya kabla hajang'oa meno ya mbele. Alikaa nyuma kidogo ya katikati na bakuli la mti, na baba yake akiwa kwenye kasia nyuma yake aliuliza kila mara, "Agnetha, ziwa linasemaje?" Naye alijibu, "Linatoka, Taata." Likizidi kuingia alijibu hivyo hivyo, ila alichota haraka zaidi.

Kisha ukaja mwaka ule ambao ziwa lilipanda. Lilikula migomba ya chini, likala njia, likafika mlangoni. Kashaija akapakia mke, mbuzi, kuku na machipukizi ya migomba yaliyofungwa kwa majani, akavuka kuja bara, upande wa Muleba. Agnetha alikumba maji safari nzima, akitukanwa na kuku. Walipofika, mama yake alilazimika kumfungua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye bakuli.

Kashaija hakurudi ziwani. Alisema wamemalizana. Wanaume wakauvuta mtumbwi mpaka juu kilimani, akazikata kamba, mbao za pembeni akazifanya mlango, na lile gogo lililobaki akaliziba kila tundu na ufa wa chini lililoupata lilipogonga mwamba, kwa vipande vya gome na nta ya nyuki. Tangu siku hiyo likawa la pombe.

Na jinsi lilivyomfikia Agnetha watu wa Kishanda walicheka mwaka mzima. Kibanja, yaani shamba la nyumbani, ni cha wavulana, hilo halina mjadala. Alexander na kaka yake waligawana migomba na kahawa. Lakini Agnetha alipoolewa na Joackim, Kashaija aliamuru mtumbwi ubebwe nyuma ya bibi harusi. Bibi harusi anakuja na sufuria, anakuja na mikeka, huyu anakuja na mtumbwi wa pombe, na kukanyaga pombe ni kazi ya wanaume! Mama mkwe alishika kiuno. "Mawe, mama yangu! Tumeoa mke au tumeoa kilabu?" Joackim alicheka, akavua viatu, akakanyaga ndizi ndani yake miaka yote ya ndoa yao hadi Mungu alipomchukua. Na kila sherehe, mgeni fulani aliuliza mbona mtumbwi huu una matundu yaliyozibwa pembeni, na Joackim akasimulia habari ya Bumbire kana kwamba yeye ndiye aliyekumba maji.

Nyumba ya Kumbukumbu za Ziwa ilikuwa ghala la kahawa zamani, na kuta zake bado zilinukia kahawa. Viti vya plastiki vilikuwa vimejaa wanafunzi waliovaa sare, wazee wa mjini, na masista wawili. Alexander alikuwa mlangoni na koti lake.

"Dada, karibu waitu. Nimekuwekea kiti cha mbele."

"Nitakaa popote. Sikuja kukaa."

Alikaa mbele. Mhadhara ulitolewa na msimamizi wa nyumba hiyo, Hellen, mwanamke wa makamo kidogo, mwembamba, miwani imeshuka puani. Agnetha alikuwa amejiandaa kumchukia, lakini yule mwanamke alizungumza vizuri, bila kujikweza. Alionyesha nanga ya jiwe lililotobolewa, migono ya kutegea samaki, kasia lenye alama ya moto. Alionyesha taa ya meli, ya shaba, na akawauliza wazee kama wanakumbuka honi ya meli ikiingia bandarini. Ghala zima likaguna. Nani asiyekumbuka? Agnetha aliona gati mbele ya macho yake, mikungu imepangwa kama watu walio kwenye foleni, akina mama wanakimbia na watoto mgongoni, na jamaa fulani lazima atakuwa ameachwa na meli anaita majina. Aliyekuwa anakwenda Mwanza siku hizo alikuwa anasafiri. Sasa unapanda basi, unalala na mdomo wazi, unaamka umefika.

Ndipo Hellen akaondoa shuka lililofunika kitu kirefu katikati ya chumba.

Agnetha aliutambua, na hakuutambua. Ulikuwa umewekwa juu ya magogo mawili, umeoshwa, umepakwa mafuta. Ule weusi wa utomvu wa ndizi ulikuwa umeondoka na mti ukaonekana, mwekundu kama ulipochongwa. Na matundu yalikuwa wazi. Yote. Taa iliyoning'inia juu yake ilipenya na kuangusha vitone vya mwanga sakafuni, safu mbili, moja kila upande. Alikuwa ameishi na mtumbwi ule nyuma ya nyumba maisha yake yote ya ndoa, akiuona una maganda, una nyasi, una nyuki. Mtumbwi wa Taata hakuwa ameuona tangu siku ile walipoteremka bara.

"Hapa nyuma alikaa nahodha," Hellen alisema, akigusa. "Hapa mpiga kasia mwingine. Na hapa, nyuma kidogo ya katikati, tazameni watoto, sogeeni. Mnaona palivyochimbika? Tulipouosha ndipo tukapaona. Hapa alikaa mtoto. Kazi yake ilikuwa kukumba maji. Bakuli lake liligonga hapa hapa kila lilipochota, mwaka baada ya mwaka. Hatumjui alikuwa nani."

"Ni mimi," Agnetha alisema.

Ilitoka yenyewe. Ghala zima likageuka. Mwanafunzi mmoja akacheka kwa mshangao, sista akamtazama akanyamaza. Alexander alikwishasimama, mikono wazi kama mshereheshaji. "Ndugu zangu, huyu ndiye dada yangu, mtoto wa kwanza wa marehemu Kashaija..."

"Na nimekuja kuuchukua," Agnetha akamalizia.

Mikono ya Alexander ikashuka.

Hellen akavua miwani. "Mzee Alexander, uliniambia ni mali ya ukoo, na ukoo umekubali."

"Ni wa Taata," Alexander alisema. "Mimi na kaka tulikubali."

"Wewe na kaka!" Agnetha alisimama. "Kibanja mligawana wewe na kaka, nikasema neno? Kahawa mkagawana, nikasema neno? Taata alinipa kitu kimoja, kitu ambacho hata watu walinicheka nacho, na hicho nacho mkakaa wawili mkakubaliana?"

"Dada, watu wanasikia."

"Si umewaalika wasikie?"

Mzee mmoja nyuma alipiga makofi, kisha akajifanya anakohoa. Alexander alitoa kitambaa akajifuta shingo. Alisema polepole, tena si kwa watu, kwa dada yake: "Nilidhani hukamui tena tangu shemeji afariki. Nilikuja ukiwa Mwanza, nikaukuta umelala kifudifudi kwenye tope. Nilisikia vibaya, dada. Mimi sikuwahi kupanda ndani yake. Nilizaliwa bara. Nilitaka nami niuone ukiwa wa ziwani."

Hilo Agnetha hakuwa amelifikiria.

"Mama," Hellen alisema, "kama ni wako, ni wako. Hapa hatukai na kitu cha mtu. Una gari?"

"Lipo nje."

Mhadhara ukawa umeishia hapo, lakini hakuna aliyeondoka. Gamaliel na Kamala wakaingia na kamba. Wakazunguka, wakashika, na Gamaliel akapitisha kidole kwenye tundu moja, likapita lote. Akainama, akachungulia chini.

"Mama, hata ule ufa wa chini uko wazi."

"Tulitoa vizibo," Hellen alisema. "Vilikuwa vimeoza, vingeuozesha na mti. Na tulitaka watu waone ushonaji. Sikujua kwamba bado unatumika, mama. Vizibo vyenyewe sikuvitupa." Akaleta mfuko wa karatasi. Agnetha alitia mkono, akashika vumbi la gome na nta iliyokauka. Lilipita katikati ya vidole.

"Si kitu," Kamala alisema. "Tunapaka lami."

"Lami kwenye rubisi ya wakwe?" Gamaliel alisema. "Hapana, mama, ni rahisi. Turubai lipo nyumbani. Tunalitandika humo ndani, tunakanyaga, haivuji hata tone."

Alisema kwa nia njema, uso wake unang'aa, anasubiri asifiwe. Agnetha aliwaza jambo hilo. Aliona turubai la buluu limetandikwa juu ya matundu ya Taata, juu ya mahali pake pa kukaa, ndizi juu ya turubai, na yeye akiwaambia watu wa Kanazi kwamba rubisi hii imekamuliwa kwenye mtumbwi wa Kashaija. Isingekuwa uongo. Isingekuwa kweli pia. Na huo mti, baada ya kupumua hivi, ungerudi kulala kifudifudi kwenye tope, maana baada ya Gamaliel wa kukamuliwa ni nani?

Alisogea, akainama pale palipochimbika, akapagusa kwa ncha za vidole. Palikuwa laini. Hakuwa na habari kwamba aliwahi kuacha alama mahali popote.

"Uacheni," alisema.

"Mama, ndizi—"

"Ndizi nazijua, si wewe uliyenikumbusha. Uacheni juu ya magogo yake. Fungueni kamba."

Alexander alivuta pumzi mpaka koti likapanda. "Dada, Mungu akubariki, nilijua tu ukiuona uta—"

"Wewe nyamaza. Sikukupa wewe. Nimempa huyu mwenye miwani, mbele ya masista. Na kesho uje Kishanda na miguu yako. Mjomba wa bwana harusi hakanyagi ndizi?"

"Mimi? Goti langu..."

"Goti liko mguu upi?"

"Wa kulia."

"Utakanyagia wa kushoto."

Alikuja kweli. Turubai lilitandikwa uani, kingo zake zikainuliwa kwa magogo ya migomba, ndizi zikamwagwa zimeiva zinanukia mpaka njiani, na karani mstaafu wa chama cha ushirika akakunja suruali, akashikwa mkono na Kamala na Gamaliel, akakanyaga, akiteleza, akimwita Bikira Maria. Agnetha alisimama kando na mikono kiunoni akimwambia asiwe anazipapasa, si wagonjwa hizo. Maji yalitoka vizuri. Yalitoka, akakubali moyoni, kama yalivyokuwa yakitoka siku zote.

Kanazi walipokelewa na vigelegele. Wenye kuleta walionja kwanza, kama ilivyo ada, kisha mzee Rutaihwa akapewa kibuyu kilichozibwa kwa jani la mgomba. Akanywa taratibu, akafumba macho, wote wakimtazama mdomo.

"Hii," akasema, "imekamuliwa na watu wanaojua."

Ukumbi ukalipuka. Alexander akajikuna goti. Vibuyu vikaanza kuzunguka, na Agnetha akakaa wima, akisubiri. Kwenye harusi zote za wanawe palikuwa na mtu wa kuuliza habari ya yale matundu. Lakini hapa ni nani angeuliza? Walinywa, wakazungumza habari ya mnyauko wa migomba, wakabishana juu ya padri mpya wa Izimbya, wakanywa tena. Pombe ilikuwa tamu na haikuwa na habari yoyote ndani yake. Alexander akamwinamia.

"Dada, niwasimulie?"

"Uwasimulie nini? Turubai?"

Alexander akapaliwa, rubisi ikamtoka puani, ikabidi mtu ampige mgongoni. Evelyne, aliyekuwa akipita kusalimia wakubwa, akaja mbio na kitambaa, akapiga magoti mbele yao. Mkono wake ulikuwa mdogo na mgumu, mkono wa mtu anayelima.

"Kuna nini, mama?"

Agnetha alimgeukia. "Ukishakuja kwetu," alisema, "kabla hujazoea jembe langu, tutakwenda mimi na wewe Bukoba. Kuna nyumba moja pale, ilikuwa ghala. Nataka nikuonyeshe mtumbwi wa babu yake mumeo."

"Wa pombe, mama?"

"Wa ziwani," Agnetha alisema. Akanyoosha mkono, kibuyu kilikuwa kimeruka zamu yake.